Kidevu

Jina lake hatukulijua. Majina yalipita mbio
kwa maandishi membamba, na Bi Thuwaiba saa hiyo
alikuwa bado anatafuta miwani.
Tukamwita Kidevu, kwa kile kidevu chake
chenye mfuo katikati kama kokwa ya tende.

Kila Alkhamisi baada ya Isha,
Michenzani, jumba namba sita, ghorofa ya tatu:
wanawake wanne na kofia zao za viua,
sindano zinatoboa, macho hayazitazami,
na mimi, miaka kumi na mbili na Kiingereza cha darasani,
nimewekwa mbele karibu na televisheni
nifasiri.

Alikuwa mkaguzi wa polisi. Koti refu, mvua haimwachi.
Khole akasema: huyu ndiye. Huyu kazaliwa na lile koti.
Salha akasema: subiri.
Kwani Salha alishamuona katika kanda ya video,
kwa shoga yake Kikwajuni,
ile ya jumba lenye watumishi arubaini,
alipomfungia mkewe darini
akauambia mji mzima kuwa amekwenda kwa mamake.
"Mtu aliyefanya vile leo anakamata wezi?
Nani kampa kazi ya serikali?"

"Dada, ni mchezo."

"Najua ni mchezo. Lakini mkono uliozungusha ufunguo
ni mkono huu huu."

Ukawa ugomvi wa mwaka mzima.
Khole akahamia kwa padri, yule wa baiskeli,
mwenye kula keki za wajane na kujifanya hasikii.
Raya alimtaka wakili, na wigi lake kama manyoya ya kondoo,
alivyosema "hapana" mara tatu
na kila moja ikawa na bei yake.
Bi Thuwaiba hakuchagua. Alihesabu viua vyake.
"Mie namtazama anavyokaa," akasema.
"Mkaguzi anakaa kama kiti si chake.
Padri anakaa kama kiti kitamkimbia.
Yule muovu wa Salha ndiye pekee anayekaa akatulia.
Hapo pana kazi."

Na mimi niseme leo, kwa kuwa wengi wao wametangulia:
nilipokwama, nilitunga.
Yale maneno ya padri kaburini,
ambayo Khole aliyahifadhi, akayasema hata msibani kwa kakake,
*tumekopeshana tu, na mwenye mali hana haraka*,
Kidevu hakuyasema.
Kidevu alisema jambo refu kuhusu mvua, au farasi.
Moja katika hayo.

Kisha Shaame, kakake Raya, baharia,
akarudi safari na habari ya gazeti la huko:
Kidevu amekufa.

Sindano zikasimama.
Bi Thuwaiba akauliza, "Amekufa yupi?"
Hakuna aliyecheka.
Tulishamzika mara tatu sisi:
kwa sumu ndani ya chai, kwa risasi juu ya daraja,
na ile ya kuanguka farasini, ambayo Salha aliishangilia,
kisha akaenda jikoni kulia peke yake
nasi tukaongeza sauti ya televisheni.
Na kila mara, Alkhamisi ya pili, alirudi,
koti jengine, jina jengine,
kidevu kile kile.

Alkhamisi hiyo walikuja wote mapema.
Hata Salha, na kashata zake katika karatasi.
Wakaonesha mchezo wa zamani sana, mweusi na mweupe,
mabibi wanacheza karata, hatumjui hata mmoja.
Nusu saa. Raya anapiga miayo.
Mlango ukafunguka, akaingia kijana na sinia la chai,
mwembamba, ndevu za kubandika zimemeza uso,
akasema neno moja, akatoka.

"Tazama alivyoliweka sinia," akasema Bi Thuwaiba.
"Kama meza si yake."

"Kasema nini?" Khole akaniuliza.

Alisema "Bibi." Basi.
Wote wananitazama, uzi umening'inia.

Nikafasiri. Nikafasiri kirefu.